Ushahidi wa Mama Mkwe

Mimi sikuvuka mpaka kuja Kakamega. Nataka hilo lieleweke kwanza, maana nimeulizwa maishani mwangu mpaka nimechoka kujibu. Niliolewa wakati Mzungu angali anatawala pande zote mbili, na kutoka kwetu, chini ya Mlima Elgon upande wa Uganda, mtu alikuwa anakuja huku kama anayekwenda kwa shangazi yake. Anafunga mzigo, anaaga, anaondoka. Lugha ya kwetu na ya kwao mume wangu zinasikilizana, obusuma, yaani ugali, ni uleule, hata matusi ni yaleyale. Kisha uhuru ukaja, upande ule kwanza na huku baadaye. Tulishangilia kote kuwili, na tulipomaliza kushangilia nikaambiwa mimi ni mgeni.

Mume wangu alikuwa dereva wa greda, ile mashine ya kusawazisha barabara za murram, zisizo na lami. Leo yuko Navakholo, wiki ijayo Malava, mwezi mwingine yuko Likuyani kwenye mashamba yaliyoachwa na Wazungu. Alikuwa akirudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye nyusi, anaoga, anakula, analala akiwa ameketi. Tulikaa mjini katika nyumba za wafanyakazi wa serikali, safu ndefu ya vyumba vyenye mabati. Tulikuwa na mtoto mmoja, msichana, aliyekuwa bado ananyonya. Sikuwa na ugomvi na mtu yeyote wa serikali, wala serikali sikuijua zaidi ya mshahara wa mume wangu, na huo wenyewe nilikuwa naujua kwa mbali.

Ikatangazwa barazani kwamba watu wote wa kutoka nje wajiandikishe, na kwamba mwanamke aliyeolewa na mwananchi atapewa kibali cha kukaa akishathibitisha ndoa yake. Nilipiga pasi gauni langu la kanisani nikaenda. Nilidhani ni kuandikwa jina tu, kisha nirudi nikapike.

Yule bwana wa ofisini alikuwa kijana wa mkoa mwingine, mbali sana na kwetu. Alikuwa mstaarabu. Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu, na shingo ya shati lake ilikuwa safi ajabu kwa mji wenye vumbi kama huu. Mafaili yalimzunguka mezani mpaka mtu akiingia anaona paji la uso tu. Akaniuliza cheti cha ndoa kiko wapi.

"Tulioana kwa ng'ombe," nikamwambia.

"Ng'ombe hawaandiki, mama."

Akanieleza, bila ukali, kwamba kila wiki analetewa wanawake wa kutoka ng'ambo, na kila mmoja ana mume. Wengine waume wenyewe wamekodiwa kwa chupa ya pombe. Akiwauliza nyumbani kuna milango mingapi, huyu anasema mmoja, yule anasema miwili. Kwa hiyo yeye haamini mtu mpaka ameona. Mtu wa upande wa mume hamtaki, alisema, kwa sababu ndugu za mwanamume watasema ndiyo kwa kila kitu. Anataka mtu wa upande wangu, aliyepokea mahari, aje aketi hapo mbele yake na aseme kwamba mume wangu ni mkwe wake.

Siku hiyo sikukasirika. Nilikasirika baadaye, na mpaka leo sijamaliza.

Baba yangu alikuwa amekwisha kufa. Baba mdogo, aliyewapokea wale ng'ombe pamoja na mama, alikuwa amehamia Buganda kulima kahawa, na hatukujua hata yuko kilima gani. Mshenga wetu naye alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia. Alibaki mama peke yake. Mume wangu aliposikia hivyo aliweka kijiko chini, akakaa akiangalia ukuta.

"Mama yako hawezi," alisema.

"Najua."

"Basi tutafanya nini?"

"Tutamwita," nikasema.

Anayetoka mbali na kwetu lazima aelezwe jambo hili, na nitalieleza mara moja. Kwetu, na kwao mume wangu pia, mama mkwe na mkwewe mwanamume hawaonani. Hawakai nyumba moja, hawapeani mkono, hawatazamani usoni, hawatajani majina. Si chuki, ni heshima. Yule mwanamke ndiye aliyemzaa mkeo, umeshapewa alichokuwa nacho, basi angalau mwachie uso wake. Mume wangu alipokuwa akienda kwetu, alikuwa anakohoa kuanzia kwenye migomba ili mama asikie na apate kujificha. Mama alikuwa anamchinjia ingokho, kuku wa heshima, anaipika vizuri kuliko alivyowahi kumpikia baba yangu, kisha anaipeleka kwa mkono wa mtoto. Yeye anabaki nyuma ya jikoni, anauliza kupitia ukuta kama mgeni ameshiba. Mume wangu anaujibu ukuta kwamba ameshiba sana. Kwa miaka yote hiyo walipendana namna hiyo, na mimi nilikuwa nawacheka.

Wakionana, hiyo ni aibu, na aibu hiyo haiishii kwenye macho. Wazee walituambia kwamba mwili hutetemeka, na kwamba mara nyingi anayeugua si wao wawili, ni mtoto mdogo wa nyumba hiyo. Mpaka mbuzi wachinjwe pande zote mbili na maneno yasemwe, huyo aliyeona hamgusi mtoto. Wewe unaweza kusema ni mambo ya zamani. Mimi nilikuwa nasali kila Jumapili na bado niliamini, na mume wangu aliyeendesha mashine ya chuma kutwa nzima aliamini kunizidi.

Tulimtumia mama neno kupitia kwa mwanamke wa kwetu aliyekuwa analeta vitunguu sokoni. Akaja. Alishuka kwenye basi ameshika kuku chini ya kwapa na kikapu cha ndizi kichwani, yeye, mtu aliyeitwa kutoa ushahidi serikalini. Hakuweza kulala kwetu, bila shaka. Alilala kwa jirani yangu, mke wa mpishi wa hospitali, mwanamke mwenye mdomo lakini mwenye moyo. Mchana, mume wangu akiwa kazini, mama alikuwa anakuja kukaa nami. Hakumweka mtoto chini hata wakati wa kwenda chooni. Alikuwa anamwimbia, anamtafunia ndizi, anamwambia kwamba ana masikio ya marehemu babu yake. Mtoto akazoea mgongo wake mpaka mimi nikimtaka ananililia.

Mpango wetu ulikuwa rahisi. Siku ya kwenda ofisini mume wangu atakaa nje upande wa nyuma, mama ataingia na mimi, atasema aliyo nayo, atatoka. Kisha mume wangu ataingia kwa wakati wake. Nani angejua kuna tatizo? Tulifika mapema, tukakaa kila mtu mahali pake. Mama alikuwa ndani tayari, ameketi kwenye benchi, anajibu vizuri. Ndipo yule bwana akamwambia tarishi wake, "Mwite na huyo mume. Nataka niwaone wote pamoja."

Nilisimama niseme neno, lakini tarishi alikwisha kutoka. Mume wangu, aliyeitwa kwa sauti ya serikali, akaingia upesi na kofia mkononi.

Mama alimwona miguu tu. Alijifunika leso kichwani mpaka kifuani, akageuka akaipa ofisi nzima mgongo, akapapasa ukuta mpaka akaufikia mlango, akatoka. Mume wangu naye akajigeuza akaikabili kabati ya mafaili. Nikabaki mimi na mtoto katikati, na yule kijana ameshika kalamu.

Akamfuata mama nje. Mama alikuwa amesimama nyuma ya tangi la maji, bado amejifunika. Akamwuliza kwa heshima, maana sitaki kumsingizia, "Mama, yule mwanamume aliyeingia unamjua?"

Mama yangu alikuwa mtu asiyesema uongo hata wa kumtuliza mtoto. Akajibu, "Sijawahi kumwona."

Ilikuwa kweli tupu. Ndiyo iliyotumaliza.

Yule bwana alirudi akaandika. Nilijaribu kumweleza. Mume wangu alijaribu vilevile, akiwa bado ameelekea kabati, kwa sababu dirisha lilikuwa upande wa tangi. Kijana akatusikiliza mpaka mwisho, akajisugua macho. "Kila kabila linaloingia hapa lina desturi yake inayolifaa siku hiyo," alisema. "Shahidi wenu mwenyewe amekana. Mimi niandike nini?" Alikuwa amechoka kama sisi. Labda ndiyo maana hakutupigia kelele. Akasema faili litafungwa mwisho wa mwezi, na kama hakuna shahidi mwingine, mimi nitarudi kwetu.

Nikamwuliza, "Na mtoto?"

"Mtoto ni wa baba yake. Baba ni mwananchi. Mtoto atabaki."

Nilimwambia mtoto ananyonya. Akasema anaona. Hivyo tu, anaona.

Niseme ukweli, nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na kila mtu. Nilikuwa na hasira na kijana wa shati safi, nilikuwa na hasira na mume wangu kwa kuingia kama anaitwa kula, nilikuwa na hasira hata na mama kwa jibu lake. Wewe mwanamke, ungesema tu unamjua, ungekufa? Nilimwambia hivyo kwa sauti nikiwa peke yangu jikoni, nikakwaruza sufuria mpaka vidole vikauma. Mume wangu alikwenda kwa msimamizi wake kuomba barua, akaambiwa msimamizi anajua greda, hajui wake za watu. Alikwenda kwa mchungaji. Mchungaji alisema hakutufungisha ndoa yeye. Tulizunguka hivyo siku nyingi, jua kali, mtoto mgongoni, tunakaa kwenye mabenchi ya watu wengine. Nilijifunza kwamba kuna uchovu ambao usingizi hauutoi. Mtu analala nao, anaamka nao, anapika nao.

Mama alikuwa bado yuko kwa jirani. Hakuna aliyemwambia habari ya mtoto. Nilimficha kwa sababu nilimjua. Lakini mke wa mpishi hakuwa mtu wa kuficha kitu. Jioni moja tulikuwa jikoni kwake tunakula obusuma na mboga, mtoto amelala mapajani mwa mama, jirani akasema, "Hiyo ofisi husumbuanga watu sana. Sasa huyu mtoto mdogo hivi nani atamnyonyesha?"

Mama akaacha kumega. "Kwa nini anyonyeshwe na mtu mwingine?"

Nikamweleza. Niliongea nikiangalia sahani. Nilipomaliza, aliuliza jambo moja tu.

"Ukienda, huyu atabaki huku?"

"Ndiyo, mama."

Akaendelea kula. Alimaliza sahani yake, akanawa mikono, akampangusa mtoto jasho kwenye shingo. Kisha akasema, kama mtu anayeagiza chumvi dukani, "Mwambie mume wako kesho avae shati safi. Nakwenda kumwona."

Mke wa mpishi alishika mdomo. Mimi nilimwambia hapana. Nilimwambia tutatafuta njia nyingine, tutamtafuta baba mdogo huko Buganda, tutauza cherehani. Akanitazama vile alivyokuwa ananitazama nilipokuwa msichana na nimevunja mtungi. "Aibu ni yangu," alisema. "Nitaibeba mimi. Wewe beba mtoto wako."

Usiku ule, kabla hajanirudishia mtoto, alimshika muda mrefu kuliko kawaida. Nilidhani ni mapenzi tu. Sikufikiri mbele.

Mume wangu nilipomwambia alikataa kabisa. Akasema heri waniondoe mimi, atanifuata, ataacha kazi, tutalima kwetu. Nikamwuliza, "Ukiacha kazi na kuvuka, wewe huko utakuwa nani? Si utakuwa mgeni wa kuandikishwa?" Asubuhi nilimkuta amesimama mbele ya kioo kidogo, amenyoa, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu.

Mama alitutangulia ofisini. Alikuwa amekwisha kuketi. Leso haikuwa kichwani, alikuwa ameikunja vizuri na kuiweka mapajani, na kichwa chake chenye mvi kilikuwa wazi. Mimi mwenyewe sikuwa nimezoea kumwona hivyo mbele za watu. Mume wangu aliingia akasimama mlangoni. Mama akagonga benchi kwa kiganja, pale kando yake, akamwambia, "Keti, baba."

Akaketi. Kulikuwa na nafasi ya mtoto mmoja kati yao. Mama akageuza uso, taratibu, akamtazama mume wangu machoni. Hakumtazama kwa kuiba. Alimtazama kama mtu anayenunua shamba. Mume wangu alivumilia, machozi yakimtoka na hana mkono wa kuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa imeshika kofia.

Yule bwana akauliza maswali yake. Mama akamtaja mume wangu jina, lote, na la baba yake. Midomo yake ilichelewa kidogo kabla ya kulitoa. Akataja ng'ombe mmojammoja kwa rangi, na yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda aliyekataa kuvuka mto mpaka akavutwa mkia. Akamwambia kijana siku gani ya mvua niliondoka nyumbani na nani alinisindikiza. Kijana alikuwa anaandika bila kuinua kichwa.

Mwisho akainua kichwa. "Juzi ulimkimbia," alisema. "Leo unamjua. Mpe mkono nione."

Nikasema, "Bwana mkubwa, hiyo tafadhali acha."

"Mama, ni mkono tu."

Na kwake ulikuwa mkono tu. Sikumlaumu kwa hilo wakati huo wala simlaumu sasa, ingawa simpendi. Mama alinyoosha mkono wa kulia. Mume wangu akautazama ule mkono kama mtu aliyeambiwa ashike kaa la moto, akaushika. Benchi zima lilikuwa linatikisika na sikujua ni nani kati yao. Yule kijana aliridhika. Akagonga muhuri, akaupulizia wino, akanipa karatasi. "Mmeona?" akasema. "Haya yote yangekwisha siku ile ya kwanza."

Tulitoka. Mume wangu hakutungoja. Alipita uani akashika njia ya kuelekea gereji ya magreda, akiwa amevaa shati lake la kanisani, na hakuangalia nyuma. Mama alisimama pale kwenye ngazi, akafungua leso akajifunika tena, ingawa sasa hakukuwa na wa kumficha uso. Kikapu chake alikuwa amekuja nacho. Nikaelewa kwamba haendi tena kwa jirani, anakwenda kituo cha basi.

Nilimsindikiza. Tulitembea mpaka tukapita soko. Kisha akasema, "Mume wako amekonda."

"Ni kazi, mama."

"Macho yake ni mazuri. Sikujua. Nilikuwa najua kikohozi chake tu." Akatembea kidogo. "Lakini ni macho ya mtu aliyechoka. Mpikie vizuri."

Nilimwambia nitampikia. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na sikuwa na nguvu ya lolote kati ya hayo mawili.

Basi lilikuwa linanguruma tayari. Mtoto alikuwa mgongoni kwangu. Alipomwona bibi yake anasogea mbali alijinyoosha, akatoa mikono yote miwili nje ya kitambaa, akimtaka. Alikuwa amezoea. Nikamfungua nimpe amshike mara moja kabla ya safari. Mama akarudi nyuma hatua, akaficha mkono wake wa kulia chini ya leso.

"Mpaka mbuzi wachinjwe," alisema.

"Mama, ni mtoto tu. Muage."

"Ndiyo. Ni mtoto." Akaupeleka na mkono wa kushoto chini ya leso, akaibana kwa viwiko, kama asiyejiamini. "Si kwa mkono huu."

Mbuzi wa kwetu walitakiwa kuchinjwa kwetu, mimi na mtoto tukiwapo. Na ile karatasi yangu, niliyokuwa nimeishika pamoja na mtoto, iliandikwa kwamba mwenye kibali hiki asitoke nje ya nchi mpaka faili lake likamilike. Mama hakujua kusoma. Sikumsomea. Alipanda basi akaketi dirishani, akamwangalia mtoto akimlilia mpaka gari likaondoka, na wakati wote huo mikono yake haikutoka chini ya leso.